Mama Ronah Hatashuka Kabla ya Kasese

Jumamosi hii, tarehe 29 Machi 2025, Bi. Yayeri Mbambu, ambaye sote tunamwita Mama Ronah, anastaafu baada ya kuitumikia Steji ya Chini, kituo chetu cha teksi hapa Bwera, kwa miaka ishirini na sita. Hiyo ishirini na sita ni hesabu ya kamati. Yeye mwenyewe anasema ni ishirini na minne, na mzee Asanasio wa kibanda cha chapati anaapa kwamba siku alipofungua kibanda chake alimkuta mama huyu ameshakaa ndani ya gari, ila mwaka wenyewe haukumbuki. Nimeuliza watu wengi na kila mmoja amenipa jibu lake. Tumeandika ishirini na sita kwa sababu programu hii ya sherehe ilikuwa lazima ichapwe.

Kamati imeniomba mimi, Kosiya Baluku, afisa wa nidhamu wa steji, niandike wasifu huu. Mwenyekiti anasema nimechaguliwa kwa sababu Kiswahili changu kinaeleweka na wanachama wa pande zote mbili za daraja la Mpondwe, pale mpakani na Kongo. Nilimtazama usoni alipokuwa akisema hayo. Nadhani kuna sababu nyingine, nami nitaijua.

Kwa ajili ya wageni waalikwa, hasa waliotoka mbali, itabidi nieleze kazi yenyewe, maana haina jina la kuandika kwenye cheti. Teksi ya Bwera kwenda Kasese, yaani basi dogo la abiria, haiondoki mpaka ijae. Abiria naye hapandi gari tupu, kwa kuwa anajua atakaa humo mpaka miguu ife ganzi. Basi gari tupu linaendelea kuwa tupu. Dawa yake, ambayo steji nyingi zinaitumia na hakuna hata moja inayokiri, ni kuweka watu ndani: watu waliovaa kama wasafiri, wenye mizigo, wanaokaa dirishani ili mpita njia aone gari limekaribia kujaa na akimbilie nafasi iliyobaki. Abiria wa kweli wakishapanda, wale wetu wanashuka mmoja mmoja. Huyu anakwenda kununua maji, yule amesahau simu nyumbani, na hawarudi. Tunawaita abiria wa steji. Mama Ronah alikuwa abiria wa steji. Amepanda teksi za Kasese maisha yake yote ya kazi, na hakuna hata moja iliyomfikisha Kasese.

Msitucheke haraka. Abiria nao wana mambo yao. Yuko anayelipa nauli ya kuishia Kinyamaseke, halafu Kinyamaseke ikifika anajifanya amelala. Yuko anayeazima mtoto wa jirani ili apewe kiti cha mbele. Na kabla hajapanda, abiria wa Bwera hufanya uchunguzi ambao hata polisi hawaufanyi: anashika boneti kuona kama ina moto, anachungulia chini ya viti kuona kama kuna mizigo, anatazama viatu vya waliokaa kuona kama vina vumbi la safari. Kisha anauliza, “Gari inaenda kweli?” Dereva anajibu kwamba inaenda sasa hivi, anaungurumisha injini, anasogea mbele hatua chache, anarudi palepale. Abiria hamwamini dereva, dereva hamwamini abiria, na mimi siwaamini wote wawili. Ndiyo maana nilipewa cheo hiki.

Katika mazingira hayo Mama Ronah aliingia kazini akiwa bado msichana wa kutosha kuitwa dada, na kwa muda mfupi akawapita wote aliowakuta. Siri yake ilikuwa kulalamika. Abiria wengine wa steji walikaa kimya kama magunia. Yeye alipanda akimgombeza dereva kabla hajakaa: kwamba anachelewa, kwamba magari ya Bwera hayana adabu, kwamba kesho atapanda ya kampuni nyingine. Abiria wa kweli walimwona mwenzao. Wengine walimtuliza. Hakuna aliyeshuku kwamba mtu mwenye hasira kiasi kile analipwa na yuleyule anayemtukana.

Kisha akaongeza kuku. Hili ni wazo lake mwenyewe na steji kadhaa zimeliiga tangu hapo. Alisema mtu anaweza kubeba begi tupu, lakini hakuna atakayebeba kuku hai kama haendi popote. Kwa hiyo aliazima kuku wa Asanasio, akamtia kwenye kikapu chenye mfuniko wa kitenge, kichwa nje. Magari yakaanza kujaa upesi. Lakini siku moja yule kuku akataga ndani ya teksi, na ukazuka mgogoro kati ya Asanasio, aliyedai yai ni la mwenye kuku, na Mama Ronah, aliyedai yai limetagwa saa za kazi. Shauri lililetwa kwangu. Nilipotaka kuliona lile yai, ikagundulika kwamba dereva Nobert ameshalila. Mpaka leo naamini walikuwa wamepanga wote watatu.

Kulikuwa pia na yule bwana aliyefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja kule Mweya. Alikaa karibu na Mama Ronah, wakazungumza vizuri sana juu ya Kasese, soko lake, joto lake na bei ya nyanya. Gari lilipojaa, mama akasema anashuka kidogo kununua maji. Yule bwana akaweka kofia yake juu ya kiti kumshikia nafasi. Mtu akitaka kukaa, anamfukuza. Gari likaondoka hivyohivyo, kiti kimekaliwa na kofia, na waligombana naye mpaka Kikorongo, anaposhukia kwenda Mweya. Nimeambiwa kwamba alishuka akisema huyo mama atakuwa amepatwa na jambo baya, maana si mtu wa kudanganya. Kisa hiki wenzangu hucheka wanapokisimulia. Mimi sikukipenda hata mara ya kwanza.

Sasa nifike kwa Sylvie, ambaye yuko kati yetu leo na ambaye nimeambiwa nimtaje kwa heshima. Sylvie ni mfanyabiashara wa vitenge, mwenyeji wa Butembo, amekuwa akipita steji yetu kila juma kwa miaka mingi. Ni mtu asiyependa kudanganywa mara mbili. Alipokwisha kukalishwa na Mama Ronah mara kadhaa, aliacha kupanda. Akakaa kwa Asanasio na kikombe chake cha chai, akatazama. Alitazama safari nyingi, akaona kwamba mama mwenye kuku akiwa ndani gari halitoki hata liungurume vipi, na akishuka gari linatoka papo hapo. Basi akawaambia wenzake pale kwenye benchi, “Ule mama njo saa yetu. Akiwa ndani, tunywe chai. Akishuka, tupande.”

Habari zikaenea. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi magari yetu yakawa yanakaa na Mama Ronah peke yake ndani, na kibanda cha Asanasio kimejaa watu wenye mizigo. Kamati ikaitisha kikao cha dharura. Nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu ametoa siri, na mtu wa kwanza niliyemshuku ni mama mwenyewe. Nilimfuata kwa siri juma zima. Nilimwona akinunua dagaa, akisali, akimsuka binti yake nywele. Aligundua siku ya pili kwamba namfuata, ila hakusema kitu mpaka siku ya mwisho, aliponipa kiroba chake nimbebee kwa kuwa tulikuwa tunaelekea njia moja.

Kikao kilitaka kumfukuza. Aliyemwokoa ni Nobert, dereva ambaye leo atatuendesha. Nobert alisimama akasema, “Nyinyi mnafukuza huyu mama kwa nini? Zamani watu ilikuwa inaingia moja moja, inagombana. Sasa inakuja yote mara moja.” Tukachunguza, ikawa kweli. Mama Ronah akiwa dirishani aliweza kuwaona wote waliokaa kwa Asanasio. Alipoona wametosha gari zima, alishuka, nao wakaja mbio kwa pamoja, gari likajaa na kuondoka bila mtu kuungua jua ndani. Hakuna azimio lililopitishwa. Tuliacha tu, na kazi yake ikageuka. Alikuwa amewekwa pale kuwadanganya abiria, akawa kitu pekee kwenye steji nzima ambacho abiria walikiamini.

Nobert hakuhitaji hata kutazama nyuma. Alilala kwenye usukani akingoja. Mama akishuka, anapiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, na Nobert anaondoka kabla hajafumbua macho yote mawili. Hayo yaliendelea kwa miaka, na kamati iliwahi kumpa Mama Ronah zawadi ya Mfanyakazi Bora. Mimi nilipiga kura ya hapana. Sikuwa na sababu, ila niliona kila mtu anakubali upesi mno.

Hapa inabidi niseme juu ya Ronah. Ni mtoto wake wa pekee, na alikulia steji. Akitoka shule alipita kumsalimia mama yake kupitia dirisha la teksi, na watoto wenzake walimwimbia kwamba mama yako anaenda Kasese. Alipokua, akaenda yeye Kasese kusomea uuguzi, na kiti kile ndicho kilichomsomesha. Lakini siku za wazazi kutembelea wanafunzi zilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku steji haimwachii mtu. Mama aliahidi, hakufika. Akaahidi tena, hakufika. Mwaka 2016 Ronah alipohitimu, mama alimwahidi kwa kiapo kwamba siku hiyo atakuja na atasimama jina lake litakapoitwa.

Yanayofuata sikuyaona kwa macho. Nilikuwa Nyakiyumbu kwenye shauri la bodaboda wawili. Niliyakusanya baadaye kwa mashahidi, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu mashahidi hawakupingana.

Kamati ilimpa ruhusa ya siku nzima. Alikuja asubuhi bila kikapu na bila kuku, amevaa gomesi mpya ya kijani, gauni lake la sherehe, na viatu vya kisigino kifupi. Akapanda gari la Nobert, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, dirishani, kwa kuwa hakuzoea kingine. Kwa Asanasio walikuwepo watu wa kutosha. Wakamwona. Sylvie akacheka, akaagiza chai nyingine. “Leo amevaa muzuri,” akasema. “Gari ya leo itachelewa sana.”

Mama akangoja. Hakuna aliyekuja. Akatoa kichwa dirishani akawaita, “Mupande! Leo naenda kweli. Mutoto yangu iko nangojea mimi Kasese!” Watu pale kwenye benchi wakaangua kicheko, na mmoja akamjibu, “Hata juzi ulisema hivyo, mama.” Na ni kweli, juzi yake alikuwa amesema hivyohivyo, maneno kwa maneno. Binti anayemngojea Kasese ilikuwa mojawapo ya hadithi zake za kazini. Alikuwa akiitumia kwa miaka, na watu waliokaa pale walikuwa wameisikia tangu Ronah yuko shule ya msingi.

Jua likapanda. Mama alijua kitu kimoja ambacho sisi sote tunakijua: kwamba abiria hawatapanda mpaka yeye ashuke. Kwa hiyo akaamua kuwafanyia ujanja wa mwisho. Angeshuka kwa muda mfupi tu, mkono ukiwa umeshika mlango, wangekuja mbio, naye angerudi kwenye kiti chake pamoja nao.

Akashuka. Wakaja. Mnajua wanavyokuja. Yule wa kwanza alimsukuma bila kumwona, wa pili akapitisha gunia la mihogo juu ya kichwa chake, na alipopata nafasi ya kuinua mguu, kila kiti kilikuwa na mtu, na kiti chake kilikuwa na mtu na nusu. Akapiga kelele kwamba hicho ni kiti chake. Wakacheka, kwa sababu hicho kilikuwa kiti chake kweli, na alikuwa ameshuka. Mlango ukafungwa. Basi akapiga bodi ya gari kwa kiganja ili Nobert asiondoke.

Nobert alisikia usingizini bodi imepigwa, akaondoka.

Mama akakimbia nyuma ya gari akipiga bodi. Kwetu sisi bodi ikipigwa mfululizo maana yake afande wa trafiki anakuja, kimbia. Kadiri alivyopiga, ndivyo Nobert alivyokanyaga mafuta. Abiria walimwona kupitia kioo cha nyuma, mama wa gomesi ya kijani anakimbia na kupunga mkono, nao wakampungia. Sylvie alikuwa dirishani nyuma kabisa. Alimpungia mikono yote miwili. Walidhani anawaaga. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya barabara mbele ya duka la simenti.

Gari lililofuata halikuwa tofauti, na la baada yake vilevile. Hatimaye alichukua bodaboda mpaka Kinyamaseke, ambako hakuna aliyemjua, lakini magari yote yaliyopita pale yalikuwa yametoka Bwera yamejaa. Alipanda lori la kahawa. Alipofika Kasese viti vilikuwa vinapakiwa, na Ronah alikuwa ameshaondoka pamoja na wazazi wa rafiki yake. Jioni walizungumza kwa simu. Mama akaeleza yote, gari, kiti, bodi, kiatu. Ronah akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mama, wewe ulikaa, ukashuka. Hiyo njo kazi yako.” Baada ya hapo hakupokea simu yake kwa muda mrefu sana.

Niliporudi kutoka Nyakiyumbu nilifungua uchunguzi. Nilitaka kumpata mkosaji, nakiri nilitaka sana, kwa sababu nilimwona mama akija kazini Jumatatu na viatu vya mpira, akikaa kwenye kile kiti bila kumgombeza mtu, na roho iliniuma. Nilimhoji Nobert akalia. Niliwahoji abiria, wakasema wao walifanya kama siku zote. Walikuwa sahihi. Walikuwa wamefundishwa kutomwamini mtu aliyekaa ndani ya gari letu, na waliowafundisha ni sisi. Nilifunga uchunguzi bila jina la mtu. Tangu siku ile Mama Ronah hakumtumia tena binti yake kazini. Akiulizwa anaenda kufanya nini Kasese, alisema anaenda kung’oa jino.

Mwaka 2020 ukaleta barakoa. Teksi ziliporuhusiwa kurudi barabarani na viti nusu, abiria hawakuweza kumtambua tena mtu yeyote, na Mama Ronah akawa kama amezaliwa upya kikazi. Walipanda wenyewe, wakakaa kando yake, wakamwuliza kama gari linaenda. Sylvie peke yake ndiye aliyemjua, kwa kukitazama kikapu. Wakati ule mama angeweza kupanda na kufika Kasese kama mtu yeyote. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mtu haendi kwa mtu ambaye hakumwita, akavuta barakoa juu na kuendelea na kazi.

Mwaka jana Sylvie alikwenda kupima presha kwenye kliniki moja Kasese. Sylvie hawezi kupimwa presha akiwa kimya, kwa hiyo akaanza kumlalamikia nesi juu ya steji yetu: wezi, waongo, na kadhalika. Akamsimulia jinsi alivyokuwa akimpiga chenga yule mama mwenye kuku. Na katikati ya kucheka akasema, “Ila kuko siku moja bado inaniuma. Alikimbia nyuma ya gari, kiatu ikatoka. Miye nilizania ni kazi. Kumbe mama alikuwa analia.” Nesi aliacha kupima. Akauliza yule mama alivaa nini. Sylvie akasema gomesi, ya kijani. Nesi akauliza tena, kana kwamba hakusikia.

Sylvie alinisimulia haya, na kwa kuwa ni Sylvie sikumwamini. Nilimpigia simu Ronah mwenyewe. Maelezo yao yanalingana, isipokuwa Sylvie anasema kiatu kilichotoka ni cha kushoto na Ronah anasema mama yake alimwambia cha kulia. Jambo hilo bado nalifuatilia.

Usiku uleule Ronah alimpigia mama yake. Waliyozungumza ni yao. Ninachojua ni kwamba Ronah ana mtoto wa kike sasa, ana nyumba, ana chumba kilichotandikwa, na amemwita mama yake aende akaishi naye. Mama amekubali. Ndiyo sababu tunakula wali leo. Lakini Ronah ni mtoto wa steji hii, na nilipomuuliza kama atakuja Bwera kumchukua, alikataa. “Mimi nitasimama hapa Kasese, kwenye paki ya teksi,” alisema. “Nimesamehe, afande Kosiya. Lakini nitaamini nikiona yeye anashuka hapa.”

Sasa mnaona shida tuliyo nayo. Mama Ronah akipanda gari lolote Bwera, abiria watakwenda kwa Asanasio kunywa chai. Wamerithishana jambo hili. Wapo vijana wanaolifuata bila kujua lilianzia wapi. Kwa hiyo kamati imeamua kwamba baada ya chakula gari la kwanza kwenda Kasese litajazwa na sisi wenyewe: wajumbe wa kamati, madereva walio mapumzikoni, na abiria wote wa steji. Ndugu abiria wa steji, nawaomba kwa dhati. Leo hakuna kwenda kununua maji. Hakuna aliyesahau simu. Mkikaa, mmekaa mpaka Kasese. Asanasio amekubali kufunga kibanda mchana huu ili pasiwepo mahali pa kungojea. Nobert ataendesha akiwa macho, na hakuna mkono utakaogusa bodi ya gari, hata kwa bahati mbaya. Sylvie ameomba kiti cha nyuma dirishani, palepale alipokaa siku ile. Nilimuuliza anakitakia nini. Alisema hataki chochote, anataka tu aone kiti cha mama, mbele yake, kina mwenyewe. Nimemkubalia, na mimi mwenyewe nitakaa mlangoni.

Kwa niaba ya chama, tunamshukuru Mama Ronah kwa uvumilivu, kwa jua alilokaa nalo, kwa magari aliyoyajaza na yote yaliyomwacha. Tunamshukuru kuku pia, na waliomfuata kwenye nafasi yake. Kiti chake hakitapewa mtu mwingine kwa sasa. Kamati inasema ni kwa heshima. Nadhani ni kwa sababu hakuna anayekiweza.

Juzi alikuja ofisini kukabidhi kikapu. Alikuwa amekiosha. Tuliagana vizuri, akatoka, akafika mlangoni akageuka. “Kosiya,” akaniuliza, “hiyo gari ya Jumamosi inaenda kweli?” Swali hilo nimelisikia kila siku ya maisha yangu pale steji, ila kutoka kwake sikuwahi. Nikamjibu kwa maneno aliyowajibu watu miaka yote, kwa sababu sikuwa na mengine. “Inaenda, mama. Wewe kaa tu.” Alinitazama vilevile abiria wanavyotutazama. Kisha akavuka uwanja mpaka kwenye gari la Nobert, ambalo siku ile halikuwa na safari, akaweka kiganja juu ya boneti kuona kama ina moto.

Mama Ronah, gari linaenda. Tunakuombea afya, tunakuombea siku ndefu pamoja na mjukuu wako, na tunakuomba wewe jambo moja: kaa kwenye kiti chako mpaka Ronah afungue mlango kwa mkono wake. Hapo ushuke.